Bikari ya Spoki

Nikipita kwa fundi wa pancha nikakutana na harufu ya tyubu ya baiskeli, roho hunisuta mpaka leo. Nawaambia ninyi, maana hata mama yangu sijawahi kumwambia.

Tulikuwa darasa la sita, Majimoto, mimi na Kabula dawati moja. Bikari yangu ilikuwa ya dukani, inang'aa ndani ya mkebe, ila skrubu ililegea wiki ya kwanza tu. Nikichora duara, mwisho unapishana na mwanzo. Niliificha aibu hiyo kwa maringo. Ya Kabula alitengenezewa na baba yake: spoki ya baiskeli iliyokunjwa katikati, ncha moja imenolewa kwenye jiwe, nyingine imefungiwa penseli kwa kipande cha tyubu. Ilikuwa mbaya, inanuka mpira, na maduara yake yalifunga sawasawa. Yalinikera kupita kiasi.

Siku moja mwalimu alisema atakayechora pembesita safi atakwenda Mpanda kwenye mashindano ya hesabu. Unachora duara, kisha, bila kubadili upana wa bikari, unapiga hatua sita kwenye ukingo wake, na ya sita inarudi pale ulipoanzia. Kabula alimaliza duara lake, akaweka bikari mezani, akageuka nyuma kuazima ufutio. Nikaibana ile spoki kwa vidole viwili. Kidogo tu.

Hatua yake ya sita haikufika. Alirudia kuhesabu, midomo ikimcheza. Mimi nilishikilia skrubu yangu kwa kidole, nikapata umbo la kuridhisha. Mwalimu akainua ile spoki darasa zima lione.

"Hiki nacho kifaa cha hesabu? Nyie wazazi wenu, jamani!"

Darasa likacheka. Nilicheka kuliko wote.

Kesho yake baba Kabula alikuja akitokea shamba la mpunga, matope miguuni, kofia mkononi. Alisimama mlangoni mbele yetu sote.

"Mwalimu, nisamehe. Spoki ile ilikuwa laini. Kosa langu, siyo la mtoto."

Kisha akatoa mfukoni bikari mbili mpya za waya mnene. Moja akampa Kabula, nyingine akaniletea mimi.

"Kabula kasema ya kwako imelegea, mwanangu. Ukafanye vizuri huko Mpanda."

"Asante, baba," nikasema, nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa.

Nilikwenda nayo Mpanda, na kila duara lilifunga. Wakati ule nilichoelewa ni kwamba sijakamatwa. Leo nina mtoto wa darasa la sita, na ndiyo kwanza najua ilimgharimu nini mzee yule kusimama mbele ya watoto na kuikana kazi ya mikono yake.

Alifariki mwaka juzi. Nilikwenda msibani, nikakaa ubavuni kwa Kabula kutwa nzima, maneno yamenijaa mdomoni, sikuyatoa. Baba wa watu amezikwa akiamini spoki yake ilikuwa laini.