Neno la Malkia

Kwa miaka ishirini na sita mama mmoja alifanya kazi akiwa nusu chini ya sakafu. Kwenye ukingo wa jukwaa palikuwa na shimo lililofunikwa upande wa watazamaji, na ndani yake kiti kifupi, taa ndogo na kitabu cha maneno. Wenzake walimwita Mama Shimoni. Kazi yake ilikuwa kuwanong'onezea waimbaji wa opera neno la kwanza la kila mstari, nusu pumzi kabla hawajaliimba. Akiharakisha, anawachanganya, akichelewa, wameumbuka. Hakupata kukosea.

Mwimbaji mkuu alikuwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja. Mama Shimoni ndiye aliyemlea na kumfundisha nyimbo, na mpaka leo ndiye aliyekuwa akimsomea barua, maana mdogo mtu macho yalikuwa yakimwacha mkono na miwani alikuwa haitaki hata kuiona. "Miwani ni ya mabibi vizee," alisema, na miaka hamsini na miwili juu yake.

Ndipo akaja mwongozaji mpya, kijana mwenye suruali fupi na maneno marefu. Alitaka kuivalisha sura ya leo opera kongwe ya malkia ambaye mwanawe amemwasi. Mwana huyo anahukumiwa kufa, walinzi wanamswaga kuelekea mlangoni, na dakika ya mwisho malkia anapaza sauti: "Mrudisheni!" Sasa ikulu ikawa ofisi ya kampuni, malkia akawa mwenyekiti, na walinzi wakavaa suti na miwani ya jua. Mama Shimoni hakuwa na ugomvi na hayo. Lile joho la malkia lilikuwa limeliwa na nondo siku nyingi. Ugomvi uliletwa na kioo. Maneno yangeandikwa kwenye kioo cha umeme nyuma ya ukumbi, juu ya viti vya mwisho, na shimo lizibwe kwa mbao.

"Mama yangu," mwongozaji alimwambia mazoezini mbele ya wote, "kazi yako sasa inafanywa na waya. Na waya haukohoi."

Watu wakacheka. Mama Shimoni akamgeukia mdogo wake. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Bila yeye, aliyeimba malkia, hakuna onyesho.

"Dada amechoka, apumzike," mdogo mtu alisema huku akitazama kucha zake. "Halafu, tuseme ukweli, mate yake yananirukia miguuni."

Hapo walicheka mpaka wapiga fidla.

Nyumbani, Mama Shimoni alimuuliza, "Kile kioo utakisomaje, wewe usiyeona hata namba ya basi?"

"Maneno yote ninayo kichwani. Unafikiri bila wewe mimi ni bubu?"

"Nalijua neno utakalokwamia."

"Basi njoo unione nikikwama." Akamtupia tiketi mezani. Safu ya tatu, katikati.

Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa kitini. Hakuja kutazama opera. Alikuja kumsubiri mdogo wake aanguke mbele ya watu, ili mbao zing'olewe na yeye arudishiwe shimo lake. Ubaya wa nia hiyo aliujua vizuri, akaukalia kama mto.

Mwishoni mwa sehemu ya tatu, walinzi wakamshika mwana wa malkia. Ala zikanyamaza kama zilivyopangiwa, maana lile neno "Mrudisheni" huimbwa peke yake. Mdogo mtu akafungua kinywa. Kimya. Akakikazia macho kioo, akaona mwanga tu. Akashusha macho kwenye mbao, akazigusa kwa ncha ya kiatu kama mtu anayebisha hodi. Kisha akainua uso na kumwona dada yake, hatua chache tu mbele yake.

Hata sauti isingehitajika. Umbo la midomo lingetosha. Mama Shimoni aliifumba, akaibana mpaka ikafa ganzi.

Walinzi walikuwa wamefundishwa kusimama wakilisikia neno. Hawakulisikia, basi wakaendelea kutembea. Wakamtoa kijana nje, na mlango ukafungwa. Malkia akabaki ameachama.

"Kamuua mwanawe!" mwanamke mmoja alisema kwa kwikwi. Ukumbi mzima ukasimama. Makofi yalipigwa mpaka vumbi likadondoka kwenye mapazia, na mwongozaji akapanda jukwaani kupokea sifa, mkono kifuani, kana kwamba jambo lile alilipanga tangu utotoni.

Mama Shimoni alimkuta mdogo wake kwenye chumba cha kuvalia, akijifuta rangi usoni.

"Ulilijua lile neno?"

"Nililijua."

"Na ukaniangalia tu."

"Nikakuangalia."

Mdogo mtu akacheka kwa raha. "Miaka yote ile ya kunong'ona, dada, hujawahi kunipa makofi kama ya leo. Mwongozaji amekata shauri: neno limefutwa. Kila siku nitanyamaza." Akafungua mkoba, akamwekea kiganjani tiketi nyingine. "Chukua. Nina wasiwasi ulimi utateleza nilitamke kwa mazoea. Ukae palepale, unibanie midomo vilevile. Nikikuona, nitakumbuka."

Kesho yake, saa tisa kasoro dakika kumi, Mama Shimoni alikuwa safu ya tatu, katikati. Hakuna mahali pengine alipohitajika.