Dafa wa Ipinda

Zebedayo Mwasomola alivuka mto Songwe mwaka 1909 akiwa na mkuki na kaniki, akarudi mwaka 1912 akiwa na kofia iliyopasuka na maneno matano ya Kiingereza. Kofia haikuchukua muda ikaoza. Maneno aliyala miaka minne.

Kule Karonga, ng'ambo ya mto, alikuwa akiosha sahani za maofisa wa Kiingereza. Kiingereza cha kitabuni hakukijua. Alidaka tu vile vineno vifupi walivyorushiana mezani. "Ta" ni asante. "Chapu" ni mtu, jamaa. "Grabu" ni chakula. "Raito" ni haya, nimesikia. Na kwa kuwa kwao Ipinda kulitawaliwa kwa kiboko cha Mjerumani, Kiingereza kilikuwa kitu cha kunong'onwa, na cha kunong'onwa hakikosi wateja. Wazee wazima, ndevu mpaka kifuani, walipokea kata ya pombe wakasema "ta" badala ya "ndaga" ya kwao, kisha wakatazamana kana kwamba wameliteka boma.

Neno la tano lilikuwa "dafa". Hilo ndilo jina aliloitwa miaka yote mitatu, na maana yake alielezwa na mpishi siku ya pili tu: mpumbavu, mtu asiyeweza hata kushika sahani. Lakini utarudije kwenu, watu wamekusanyika, uwaambie ulikokwenda ulikuwa mpumbavu? Zebedayo akatangaza kwamba Dafa ni cheo cha mkuu wa jiko. Watu wakakimeza kizima kizima. Mzee Anyitike akampa kigoda chake mwenyewe, na ikawa hakuna shauri linalokatwa Dafa hajasema.

Mkaza mwana wa Zebedayo, Atuganile, ndiye aliyelibeba jina hilo kwa uzito kuliko wote. Kwa mila, hakuruhusiwa kumtazama baba mkwe wala kutamka jina lake. Jina la Zebedayo alikwisha kulifunga kinywani. Sasa akalifunga na la Dafa.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 1916 Wajerumani walikimbia, Waingereza wakaingia na masanduku yasiyohesabika, wakaanza kukamata vijana wa kuyabeba. Aliko, mume wa Atuganile, mtoto pekee wa Zebedayo, akafungwa kamba pamoja na wengine. Vijana wa jirani waliotangulia kubeba mizigo ya vita hawakuwa wamerudi hata mmoja.

"Mwiteni Dafa!" wazee wakapiga kelele. "Dafa anajua lugha yao!" Wakamsukuma mpaka mbele ya ofisa, wakimwonyesha kwa vidole na kwa fahari. "Dafa! Dafa!"

Ofisa akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema na askari wake mmoja, Mngonde wa Karonga aliyesikia Kinyakyusa vizuri.

"Bwana anasema hivi," askari akamgeukia Zebedayo. "Waambie wenzako, kwa lugha yenu, maana ya jina hilo. Ukisema kweli, mchukue mwanao. Ukidanganya nitamwambia, na utabeba sanduku nyuma yake."

Zebedayo aliwatazama wazee, akakitazama kigoda walichomletea akalie. Aliona aibu, tena aibu ile ya kutamani ardhi ipasuke. Halafu akamtazama Aliko na kamba yake.

"Ndugu zangu," akasema, "Dafa ni mpumbavu. Waliniita mpumbavu miaka mitatu, nami nikawaletea kama cheo."

Mzee Anyitike akainama, akachukua kigoda chake, akaondoka. Ofisa akacheka tena, maana watu waliokuja kutukomboa walikuwa wepesi wa kucheka, akaamuru Aliko afunguliwe.

"Ta," akasema Zebedayo. Angalau hilo hakulidanganya.

Tangu siku hiyo Ipinda nzima ilimwita Dafa kwa nguvu zaidi, na safari hii kila mtu alijua anachosema. Watoto waliliimba njiani. Wazee waliokuwa wakisema "ta" kwenye pombe ndio waliocheka kuliko wote. Atuganile peke yake, akitaka kumpelekea chakula, aliendelea kusema, "Mpelekeeni baba yake Aliko."

"Litamke tu," Aliko akamtania siku moja. "Si jina, ni tusi."

Atuganile hakuinua macho kutoka kwenye chungu. "Ndilo lililokukatia kamba," akasema. "Litamke wewe, kama unaweza."

Aliko hakuweza.