Maji ya Shangazi Mkamburi

Nilipokuwa mtoto, kwetu Bura hakuna aliyeugua bure. Ukiugua, kuna jamaa amekukasirikia. Hasira yake ndiyo imekuangukia, na dawa ni moja: mwenye hasira atase, yaani apige funda la maji, ayapulize nje, aseme moyo wake umekuwa mweupe. Kila Jumapili tulikwenda misa, na bado tulitasa. Usinicheke.

Dada yangu Wakesho alikuwa na miaka kumi na miwili ngozi ilipoanza kukauka pembeni mwa mdomo wake. Ikawa nyeupe, inang'aa, imekazana kama ngozi ya ngoma. Miezi ikapita, mdomo ukazidi kuwa mdogo, mpaka mama akawa anamlisha uji kwa kijiko cha chai huku akitutazama sote mmoja mmoja.

"Umemkosea nani?" akamuuliza.

Wakesho akakumbuka. Siku ya zamu yetu ya maji mferejini, alimtania Shangazi Mkamburi, dada yake baba, kwamba mahindi yake ni mafupi kumshinda mwenyewe. Mimi nilikuwepo. Mama akanigeukia.

"Alikasirika?"

Shangazi alikuwa amecheka mpaka akashika kiuno. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi nilipenda kutazamwa. "Alinyamaza," nikasema, "akatuangalia vibaya."

Ole wangu! Shangazi akaitwa. Akatasa pale uani, maji yakamrukia Wakesho usoni, lakini mdomo haukulegea. Wakasema ametasa kwa midomo tu, moyoni hajaachilia. Akaitwa mara ya pili, na ya tatu. Hiyo ya tatu alitasa mpaka kikombe kikaisha. Mama akaacha kupokea maboga aliyokuwa akituletea shangazi. Mimi niliyedanganya nikaanza kumwogopa, nikipita mbali na mlango wake. Uongo wangu mwenyewe nikauamini.

Mwishowe baba alimpeleka Wakesho hospitali Voi, wakatumwa Mombasa. Daktari akasema ni ugonjwa wa ngozi unaokaza sehemu moja ya mwili, na hakuna mtu aliyeuleta. Akatoa vidonge na mafuta ya kupaka, pamoja na kazi ya kila siku: kupanga vijiti vyembamba katikati ya meno, na kuongeza kimoja kila mdomo ukikubali.

Wakesho alilia kwa maumivu, mama akashindwa kutazama. Shangazi ndiye aliyechonga vile vijiti, akavilainisha kwa kipande cha chupa, akaja kila asubuhi bila kuitwa.

"Fungua, mama. Kimoja tu."

Siku kijiti cha saba kilipoingia, aliniuliza bila kuinua macho, "Siku ile mferejini, nilikasirika?"

"Hapana, shangazi. Ulicheka."

"Haya," akasema, akachukua kijiti kingine.

Hakunishtaki kwa yeyote, mpaka tukamzika. Wakesho mdomo wake umepinda kidogo, na anaongea mchana kutwa. Mama amezeeka, na kila wageni wakija husimulia jinsi mwanawe alivyopona siku wifi yake alipokubali kuachilia hasira. "Alikawia," husema, "lakini mwishowe alisamehe." Wageni hutikisa vichwa. Nami naona aibu mpaka masikio yananiwaka, na mdomo wangu ni mzima kabisa, lakini hunyanyuka nikawaongezea chai.