Nilimushitaki Jirani Aliyemunyonyesha Mutoto Wangu

Nilimunyang'anya Mama Zaina mutoto mikononi, pale kwenye chemchemi, mbele ya wanawake wote. Ndoo yake ikaanguka. Nikapiga kelele: "Mwizi! Umeniibia mutoto!"

Mutoto ni wangu, nilimuzaa mimi. Lakini alikuwa ameanguka, goti linatoka damu, na akanipita mimi mama yake kama mutu anavyopita muti, akakimbilia miguu ya jirani. Hapo uvumilivu uliniishia.

Nilikosa. Ninakubali mbele yenu wasomaji, lakini musidhani hasira imekwisha. Bado iko!

Sikilizeni. Bwana yangu ni karani, anazunguka upande wa Wamaza kununua muchele wa kampuni, analala huko majuma. Mimi nimesoma kwa masista mpaka sekondari, na tangu Feliksi azaliwe sijapata kitabu wala usingizi. Mutoto mugongoni, mutoto mapajani, mutoto hata chooni! Mama Zaina, jirani yetu Muislamu, naye alikuwa na mutoto wake wa kunyonya, musichana. Asubuhi moja alinikuta ninalia juu ya sufuria, akasema: "Mama Feliksi, lete huyu bwana mukubwa. Wewe enda, utembee mikono mitupu mpaka saa sita."

Saa sita! Nilirudi jua linazama.

Eh, siku ile! Nilikwenda mutoni, nikaoga bila kuvutwa nywele. Nikanunua mikate ya muchele na samaki wa Nyangwe, nikala moto moto, bila kumutolea mutu miiba. Nikalala kwenye majani. Maziwa yalipojaa yakaniuma, nikayakamua juu ya mawe, nikalala tena. Hata hapo sikuinuka kwenda kwa mutoto!

Hilo sikumwambia mutu mpaka leo.

Niliporudi, Feliksi alikuwa amelala kifuani pa Mama Zaina, maziwa mudomoni. Akacheka: "Alilia sana, nikamupa ziwa mara tano. Basi, kwetu sisi sasa iko mutoto wangu. Zaina amepata kaka, wewe mukwe umemupoteza!" Kwa Waislamu ndivyo ilivyo: walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Alisema kwa furaha. Nami nikacheka, nikasema aksanti, huku ndani ninaungua.

Tangu hapo akimuita "mwanangu", ninamuvuta mutoto nyuma yangu. Feliksi, aliyekwisha kujua kutembea, akapata tundu kwenye ua wa matete, kila asubuhi anapenya anakwenda kwake. Siku moja nilimuuliza kama mutu mukubwa: "Ziwa lake lina sukari?" Alicheka tu, mujinga yule!

Baada ya yale ya chemchemi sikupoa. Nikavaa kitambaa changu cha misa, nikaenda tribinali kumushitaki.

Juji akaniuliza: "Mutoto aliugua?"

"Hapana."

"Uliitisha mutoto, jirani akakataa kumurudisha?"

"Hapana."

"Sasa mama, tumufunge kwa kosa la kumushibisha?"

Watu wakacheka, hata polisi wa mulangoni. Mama Zaina hakucheka. Alinitazama, akasema: "Mama Feliksi, ungeniambia tu kwamba inakuuma. Ningemurudisha kwako polepole."

Heri angenitukana!

Sasa Mama Zaina ameziba lile tundu la ua kwa matete mapya. Feliksi anasimama pale, anaita "Mama", na anayeitwa si mimi. Nikifika chemchemi, wanawake wananiachia nafasi nichote haraka niondoke. Na siku nyingine ya kuwa peke yangu sitaipata: nani atathubutu kunishikia mutoto?

Dada zangu, pumzikeni, si zambi! Lakini mukiacha mutoto, rudini saa muliyosema. Na ukikuta mwenzako amemulisha, umeze wivu wako, umushike mukono. Usifanye kama mimi.

Musije mukafikiri ninajisafisha, haya ndiyo niliyoyatamka kwa kinywa changu, na karani wa tribinali akayaandika:

"Ninamushitaki jirani yangu Mama Zaina. Alimunyonyesha mutoto wangu bila ruhusa, siku nilipokuwa na kazi ya lazima. Ninaomba tribinali imukataze kumuita mwana wake, na imuamuru mutoto anililie mimi."