Aliyeitika Kila Asubuhi

Zamani mtu akipoteza kazi, jirani alijua kabla jua halijatua na akaja kubisha hodi. Siku hizi anafukuzwa kwa ujumbe wa simu, na kwa simu hiyohiyo anapewa pole na watu mia tatu wasiojua hata anakaa nyumba gani.

Huyu waliyemwita Bwana Redio alikuwa msimamizi wa malori katika kiwanda cha saruji. Alikaa kwenye chumba chenye vumbi na ramani ukutani, na kila asubuhi aliwaita madereva redioni, mmoja mmoja, popote walipolala. Dereva aliitika, "Nipo!" Asiyeitika alitafutwa. Gari lilitoka na fundi, tairi na chupa ya chai, hata kama mvua inang'oa mabati. Kisha kiwanda kikanunua mtambo unaoonyesha malori yote kwenye kioo, na kijana wa umri wa mwanawe akamwambia kampuni inamshukuru sana. Alikuwa na miaka arobaini na saba: mzee mno kuajiriwa, kijana mno kusinzia kibarazani.

Alikaa nyumbani akihesabu mende. Mkewe ndiye aliyechoka kwanza.

"Baba watoto, hiyo sura utaifanyia nini? Huko nje wamejaa wenzako. Watafute."

Akawatafuta kwa njia ya siku hizi. Alifungua kundi mtandaoni la watu wazima walioachishwa kazi wakiwa katikati ya safari: wakaguzi, wahariri, wauguzi wakuu, mameneja wa matawi. Sharti lilikuwa moja tu, alilolitoa kwenye chumba chake cha redio. Kila asubuhi kila mmoja aandike kwamba yupo. Asiyeandika atapigiwa simu.

Likashika. Watu wakasaidiana kuandika barua za maombi, wakachekana, wakaliliana. Na kila asubuhi wa kwanza kuitika alikuwa mmoja waliyemwita Injinia, aliyekuwa fundi mkuu wa kompyuta katika kampuni ya bima. "Nipo, ndugu zangu. Leo ni siku njema." Bwana Redio akamfanya mfano. "Mwigeni Injinia," aliwaambia wavivu.

Asubuhi moja Mkaguzi, mwanakundi wa tangu mwanzo, aliandika kwamba amefiwa na mama yake. Chini yake, papo hapo, pakatokea: "Nipo, ndugu zangu. Leo ni siku njema."

Kundi likachafuka.

"Injinia, wewe una moyo au una betri?" aliuliza Bi Benki, aliyekuwa meneja wa tawi na ulimi wake haukuwa umestaafishwa. "Mwenzio ana msiba, unamletea siku njema?"

"Labda kapata kazi, anatukoga," mwingine akachomekea.

Injinia hakujibu. Kesho yake akaandika yaleyale, bila hata samahani. Sasa wote wakapiga kelele atolewe. Bwana Redio akaishika simu, kidole juu ya kitufe.

"Mtoe basi," mkewe alisema akikamua nguo. "Unangoja nini?"

Alikuwa anangoja kitu asichokijua. Kule redioni, dereva aliyejificha kwa hawara alimwachia utingo wake aitikie. Bwana Redio hakudanganyika hata siku moja, maana nyuma ya sauti hakukuwa na mngurumo wa injini. Kwenye simu hakuna cha nyuma. Alirudi kusoma maneno ya Injinia, siku baada ya siku, hadi msimu wa mvua uliopita. Maneno ni yaleyale. Nukta ni zilezile. Akaiweka simu chini.

"Mama watoto," alisema taratibu, "huyu mtu hayupo."

Aliandika kwenye kundi: nani anajua kwa Injinia? Watu mia tatu! Wengine wakatuma picha ya mikono iliyoungana, kama ilivyo desturi yao ya kujibu bila kujibu. Mwishowe Mkaguzi, na msiba wake, akakumbuka kwamba Injinia alimtajia mtaa ulio nyuma ya soko la mbao.

Wakaenda watatu, na ndiyo kwanza wanaonana kwa macho. Bi Benki alikuwa mfupi kuliko picha yake. Mkaguzi alikuwa amefunga tai, mchana ule wa jua kali. Waliulizia nyumba hadi nyumba, wakampata mama mwenye nyumba akichambua mchele.

"Yupo, mbona," alisema. "Kila asubuhi simu yake naisikia ikilia humo ndani."

"Yeye mwenyewe umemwona lini, mama?"

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Aliniaga anakwenda kazini. Mvua zilikuwa bado. Akalipa kodi ya mwaka mzima, akaniomba nisimzimie umeme."

Alileta ufunguo wa akiba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya viatu. Juu ya kigoda, ikiwa imechomekwa ukutani, simu ilikuwa inawaka. Injinia alikuwa ameifundisha kuitika peke yake, ili mtu yeyote asije kumtafuta.

Bi Benki akajifunika mdomo kwa kitambaa. "Na mimi nimemtukana," alisema.

Kituoni askari aliwasikiliza kalamu ikiwa mkononi. "Mara ya mwisho kupata habari zake?"

Mkaguzi, mtu wa kusema kweli maisha yake yote, alijibu: "Leo asubuhi."

"Basi hajapotea," askari akasema, akaweka kalamu chini. Iliwachukua muda mrefu kumwelewesha, na alipoelewa aliwatazama kwa namna isiyopendeza. Baadaye Injinia alitafutwa hospitali zote na kwingine ambako mtu huomba asimkute anayemtafuta. Hakupatikana, hadi leo.

Siku ile walipotoka kituoni, Bwana Redio aliwazuia kwenye ngazi. "Kabla hatujaachana, nionyesheni mnakokaa. Nije kubisha hodi siku moja."

"Mh, kwangu parefu, kaka," Bi Benki alisema haraka. "Tutaandikiana."

"Na wewe?"

Mkaguzi alirekebisha tai. "Nahamahama kidogo siku hizi. Lakini nipo, kaka. Usiwe na wasiwasi, nipo."

Hiyo ndiyo ikawa mara yake ya mwisho kuwaona. Bi Benki aliingia kwenye umati wa kituo cha mabasi. Mkaguzi alivuka barabara, akasimama upande wa pili kama mtu asiyejua aelekee wapi, kisha akashika njia isiyokuwa na nyumba. Bwana Redio alifungua kinywa amwite arudi, akagundua kwamba jina lake halisi hajawahi kumuuliza.