Mfagiaji wa Kinyumenyume

Mume wangu amefagia magofu ya hekalu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hufagia kinyumenyume. Huanzia chumba cha ndani kabisa, akarudi nyuma na ufagio wake mrefu mpaka atokee nje. Mchanga hubaki umelala kama shuka lililonyooshwa, hata unyayo wake mwenyewe huuoni.

"Mgeni aikute nyumba kama hakuna aliyeingia tangu wenyewe watoke," husema.

Na uani kwetu ni vilevile. Kuku akikatiza palipofagiliwa, humgombeza kama mtu mzima mwenzake.

Mimi sikuwahi kwenda huko. Kila aliponibembeleza nilimjibu, "Nikatazame nyumba isiyo na paa, na yangu inavuja?" Nikishasema siendi, siendi. Mama yangu aliniita Kisiki, na mume akalirithi jina.

Sasa macho yake yameingia ukungu. La kushoto limeshazima. La kulia, daktari kasema, litafuata kabla ya mvua. Jioni moja alikuwa anavua viatu, akaniambia taratibu, "Kisiki wangu, kuna kitu nataka tukitazame wote wawili. Nikingoja zaidi, utakitazama peke yako."

Nilifungua sanduku nikatoa gauni la kutokea.

Kesho yake, getini, mkata tiketi aliruka kitini. "Shikamoo mama! Kumbe upo kweli? Mzee kila siku anatusimulia mkewe, sisi tukajua ni jua la utosi tu."

"Marahaba. Na wewe kwenu hawakukufundisha kufunga vifungo?"

Akacheka, huku anafunga shati.

Joto la siku ile halikuwa la kusimulia. Mawe yalikuwa yanahema. Nguzo zilitikisika kama zimo ndani ya maji, na mizizi ya mti ilikuwa imemwagika ukutani kama nta ya mshumaa. Sijui nilitembea au nilichukuliwa. Kila mlango ulizaa mlango mwingine, na kila tulipovuka mmoja, sauti za ndege zilibaki nyuma, mpaka nikawa nasikia ufagio wake tu, anauburuta mchangani. Niliona kama nimeshawahi kupita hapo, zamani sana, kabla sijawa mtu.

Akanipa mkono. "Sijazeeka hivyo," nikasema.

"Si wewe, mama. Mimi ndiye siioni ngazi."

Nikamshika.

Chumba cha mwisho kilikuwa na ubaridi wa mtungi. Mwanga ulishuka kwenye ufa mmoja, ukatua juu ya mwanamke wa jiwe aliyechongwa ukutani. Mikono imekatika, nguo zake zimeliwa na mvua za wahenga. Mume wangu aliegemea ufagio, akageuza jicho lake zima.

"Unamwona?"

"Namwona. Hana pua."

"Achana na pua. Kidevu je?"

Nikatazama kidevu. Kimeinuliwa juu, kama cha mtu aliyeombwa radhi akakataa. Nikakishusha changu.

"Siku ukininunia," akasema, "nilikuwa nakula chakula changu hapa. Naye haongei, lakini angalau hanifokei."

"Mzee mzima, hebu toka hapa!" Lakini sauti yangu ilitoka ndogo, na ukuta ukanirudishia ikiwa ndogo zaidi. Tulisimama hapo, sijui muda gani. Ule mwanga ulisogea kutoka kidevuni ukashuka begani, naye akausindikiza kwa jicho mpaka mwisho.

Kisha akashika kazi. Akaanza kurudi nyuma, ufagio ukipumua mchangani, fyaa, fyaa. Chini ya yule mwanamke, pale niliposimama, akapazunguka, asipaguse.

Nikashtuka. Nikadhani ndiyo basi, jicho limekwenda.

"Mzee," nikamwambia polepole, "umeruka pale. Kuna nyayo zangu. Huzioni?"

"Naziona," akasema. "Nazo ni kubwa, wala hazijifichi."

Akaendelea kurudi nyuma. Nami nikamshika shati mgongoni, nikamwongoza mlango kwa mlango, mpaka jua likatupokea.