Matabishi Katika Hesabu

Mama yangu alisoma miaka miwili tu, lakini nyumbani kwetu Mudzipela, mjini Bunia, yeye ndiye aliyenifundisha hesabu. Vifaa vyake vilikuwa hivi: maharagi, njiti za ufagio, viazi, na nyanya alizouza sokoni. Hakuna hata kimoja kilichonunuliwa kwa ajili ya masomo. Maharagi tuliyohesabu mchana ndiyo tuliyokula jioni, kwa hiyo somo lilipaswa kwisha kabla ya sufuria kupanda kwenye makaa.

Nyanya zilitangulia. Mama aliziuza kwa marundo ya tano, nne chini na moja juu, na kazi ya kuzipanga niliianza nikiwa na miaka minne au mitano. Nilitambua tano kwa macho kabla sijaweza kuhesabu hadi tano. Njiti za ufagio tulizifunga kumi kumi kwa ukamba wa mgomba. Nikitaka kufungua fungu ili nihakikishe, mama alinishika mkono: “Usifungue. Kumi iko mutu moja sasa.” Kugawanya nilijifunza kwa viazi vilivyotoka Kpandroma, kila mtu na sahani yake. “Na ile inabakia, mama?” “Inabakia ya papa.” Kwa muda mrefu niliamini kwamba kinachobaki kuwa cha baba ni kanuni ya hesabu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini niliingia shule, mwaka wa kwanza. Nilikwenda kwa kiburi. Mwalimu akauliza mbili na mbili, nikajibu tano. Tatu na tatu, saba. Wenzangu wakapiga meza kwa kucheka. “Kichwa ya mbuzi!” Haikuwa siku moja. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki, hadi mwalimu akamwita mama.

“Mama, huyu mutoto haiko mujinga,” alisema. “Lakini kila mara anapitisha moja. Kama ku mutihani inakuwa vile, atarudilia mwaka.”

 Dada yangu mkubwa alikuwa amerudia mwaka huohuo mara mbili, kisha akaacha shule kabisa. Sasa alikaa na mama sokoni. Mama alikuwa ameapa kwamba hilo halitatokea tena.

Siku ya pili yake hakwenda sokoni. Alitandika mkeka uani, akaweka kikapu cha maharagi kati yetu.

“Weka mbili.”

Nikaweka.

“Ongeza mbili. Kuko ngapi?”

Nikaongeza mbili, kisha nikaingiza mkono tena kikapuni, nikatoa punje moja, nikaiweka juu ya zile nne. “Tano.”

Mama akaitazama ile punje. “Hii inatoka wapi?”

“Ni matabishi, mama.”

Muuzaji yeyote wa Bunia, akishapima, huongeza kidogo juu ili mteja arudi. Hiyo ndiyo matabishi, na asiyetoa huitwa mchoyo. Nilikuwa nimemwona mama akifanya hivyo kila siku ya maisha yangu. Kumpa mwalimu nne kavu niliona ni kukosa adabu.

Mama alicheka hadi akashika nguzo ya jiko. Jirani akachungulia juu ya ua: “Iko nini kule?”

“Mutoto wangu anapatia mwalimu matabishi!”

“Basi mwalimu aseme aksanti!”

Kisha mama akageuza viganja vyake. “Ni hii mikono yangu ilimufundisha,” alisema, akiiangalia.

Hakunikataza. Alisema matabishi ni kitu kizuri, ila ina wakati wake: kwanza hesabu inamalizika, mtu anajibiwa, ndipo unaongeza. “Na mwalimu hanunui kitu,” akaongeza. “Anauliza tu.” Tangu siku hiyo nilipanga maharagi, nikaweka mikono mgongoni, ndipo nikasema jibu. Dada yangu aliniuliza maswali akirudi sokoni, kwa sauti ya mwalimu, na kila nilipokosea alinikwaruza kisigino kwa mguu wake.

Siku ya mtihani mwalimu alimwaga vifuniko vya chupa mezani. “Tano na tano?” Nilivipanga, nne chini na moja juu, mara mbili. Kwenye boksi kando yake vilibaki vingine vingi, na mkono wangu ukaanza kwenda huko wenyewe. Nikauvuta nyuma, nikaufunga kwa mwenzake.

“Kumi.”

Akauliza mengine manane. Sikupitisha hata moja.

Nilipandishwa mwaka wa pili. Nimefundishwa na wengi baadaye, wenye vitabu na vyeti, na ninawashukuru; lakini hakuna aliyeacha siku ya soko kwa ajili yangu. Mama alipoambiwa matokeo katika uwanja wa shule hakupiga vigelegele. Alimwomba mwalimu amweleze hesabu za mwaka wa pili zinaanza na nini, ili ajue mapema atafute nini jikoni.